Unayo Hadithi Kichwani? Iandike Hivyo Hivyo na Woga Wako

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali la uchokozi kidogo. Ni mara ngapi umemaliza kuangalia tamthilia, ukasonya, ukasema, "Hii hata mimi ningeiandika, tena vizuri zaidi"? Na baada ya kusema hivyo, uliandika?

Kimya. Najua.

Kazi yangu ni uhariri. Ubaya wa kazi hii, au uzuri wake, ni kwamba watu wakishaijua hawakuachi. Uko saluni umefunikwa kichwa na drai, anasogea mtu: "Dada, mimi nina hadithi." Uko kwenye sherehe ya kumuaga bi harusi, sahani ya pilau mkononi, yuleyule: "Dada, nina hadithi." Nimeshasimuliwa na mhasibu wa benki, muuguzi wa zamu ya usiku, dereva wa teksi na mwanasheria mmoja mwenye suti kali ambaye mpaka leo siamini kama kichwani mwake mnaishi kisa kitamu kiasi kile. Wote nawauliza swali moja: umeandika kurasa ngapi?

Na wote, utadhani wamepangana, hujibu: "Aah, wapi! Mimi siyo mwandishi."

Sasa angalia. Mtu huyu anaandika ripoti za kurasa arobaini ofisini. Anaandika meseji ndefu za kuomba msamaha mpaka mchumba analainika. Maneno anayo na kisa anacho. Kinachomfunga mikono ni woga, na woga huo ndio ninaotaka tuuzungumze mwezi huu, kwa sababu naujua vizuri. Nimeishi nao nyumba moja.

Huyo anayekwambia huwezi ni nani?

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake waliofanikiwa sana kielimu na kikazi, lakini moyoni walijiona matapeli. Kwamba wamefika walipofika kwa bahati tu, na siku yoyote watu watagundua kuwa hawana lolote. Shahada zipo ukutani, vyeo vipo, sifa zipo, lakini sauti ndani inasema: umedanganya, subiri uumbuliwe.

Unaifahamu hiyo sauti? Kama ofisini inakusumbua mara moja kwa wiki, kwenye uandishi wa hadithi inahamia kabisa na godoro lake. Na ina sababu. Ripoti ya ofisini ina kiolezo na takwimu za kujifichia. Ikiwa mbaya, utasema takwimu zenyewe ndizo mbaya. Hadithi haina pa kujificha. Mhusika umemuumba wewe, machozi umemliza wewe, na asiyevutiwa nayo unahisi kama hajavutiwa na wewe mwenyewe.

Wengi tunadhani waandishi wakubwa hawaisikii sauti hii. Wapi! Mwaka 1938 Mmarekani John Steinbeck alikuwa anaandika riwaya yake The Grapes of Wrath. Kila siku ya kazi aliandika pia daftari la kumbukumbu, na daftari hilo lilichapishwa baadaye, mwaka 1989. Ukilisoma utamhurumia. Analalamika kwamba hana uwezo, kwamba ni mvivu, kwamba kitabu kinamshinda. Lakini siku inayofuata anakaa tena mezani. Aliimaliza kwa takriban miezi mitano, ikatoka mwaka 1939, mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Pulitzer, na mwaka 1962 mwenyewe akapewa Nobeli.

Ninachokipenda kwenye kisa hiki ni kwamba wasiwasi haukuondoka ndipo akaandika. Vilikwenda pamoja, kama abiria wawili wasiopatana waliobanana kiti kimoja cha daladala. Kwa hiyo wewe unayengoja siku utakayoamka unajiamini, mwenzangu, utangoja sana.

"Lakini mimi sikusomea fasihi"

Hiki ndicho kisingizio nambari moja cha wasomi wetu. Mimi nimesoma biashara, mimi uhandisi, mimi sayansi, hayo mambo ya riwaya yana wenyewe.

Wenyewe akina nani? Tuanze na Shaaban Robert, ambaye tunamwita baba wa fasihi ya Kiswahili ya kisasa. Maisha yake ya kazi aliyatumia akiwa karani wa serikali ya kikoloni, akianzia idara ya forodha. Hakuna chuo kilichompa cheti cha kuandika Kusadikika.

Kuna mwingine nampenda zaidi, pengine kwa sababu alikuwa mhariri kama mimi. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Unguja mwaka 1918. Alianza kazi kama mkaguzi wa afya, akaingia kwenye magazeti, na mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo. Hebu fikiria: mchana kutwa unapitia habari za mbegu na mbolea. Basi bwana huyuhuyu ndiye aliyeshinda shindano la kuandika hadithi la 1957/58 la East African Literature Bureau kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa na kiko chake, na hadithi ya upelelezi ya Kiswahili ikapata njia. Alikuwa anagonga miaka arobaini, na kazi ya mshahara hakuacha.

Elvis Musiba je? Wazazi wetu walimficha Willy Gamba chini ya dawati darasani. Mtunzi wa Kufa na Kupona, ya mwaka 1974, alikuwa mfanyabiashara. Kwa hiyo wewe mwenye digrii ya biashara, hicho kisingizio tafadhali kiweke chini taratibu.

"Kiswahili changu chenyewe cha kuungaunga"

Hili linawasumbua sana waliokulia bara, na waliosoma shule za Kiingereza tangu chekechea. Wanaogopa kucheka­chekwa na watu wa Tanga na Unguja. Wanaogopa kukosea ngeli.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Ukerewe, kisiwani kabisa, katikati ya Ziwa Victoria. Lugha aliyoanza nayo ni Kikerewe. Mwaka 1971, akiwa na miaka 27, akatoa Rosa Mistika, na leo hata watu wa pwani hawawezi kuizungumza riwaya ya Kiswahili bila kumtaja. Hakusubiri kuzaliwa upya Mtambwe ndipo aandike.

Nikwambie siri ya meza yangu? Ngeli zinarekebishika. Ukiandika "gari limeharibika, nikaipeleka gereji", nitaisahihisha huku nakunywa chai, na sitakufikiria vibaya hata sekunde moja. Nisichoweza kukufanyia ni kuujua mlio wa lile gari, jina la yule fundi, na kwa nini mkeo alikataa kupanda siku ile. Hivyo unavyo wewe peke yako. Muswada wenye Kiswahili kilichopigwa pasi vizuri lakini ndani hamna mtu, naurudisha. Muswada wenye makosa ishirini kila ukurasa lakini una mtu anayepumua, huo nalala nao.

Tena msomi wa leo ana hazina ambayo haithamini. Unajua bosi anavyoongea na unajua mama lishe nje ya geti anavyoongea. Unajua mama mkwe anavyosema "Karibu mwanangu" akimaanisha karibu, na anavyosema "Karibu mwanangu" akimaanisha umechelewa. Yaandike maneno hayo kama yanavyotoka midomoni mwao. Mengine tutarekebisha.

"Umri umeshapita"

Haya. Toni Morrison alikuwa mhariri kwenye kampuni ya vitabu, New York, ameachana na mume, analea watoto wawili wa kiume peke yake. Alikuwa akiamka alfajiri, wanawe hawajaamka, akaandika. Riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye, ilitoka mwaka 1970 akiwa na miaka 39. Nobeli ilimfuata mwaka 1993.

Na wa kwetu, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja mwaka 1948. Aliondoka nyumbani akiwa kijana baada ya mapinduzi, akaanza kuandika akiwa Uingereza, ugenini, miaka ya ishirini na kitu. Riwaya yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1987, anakaribia arobaini. Dunia ilikuja kumpigia makofi kwa Nobeli mwaka 2021, ana miaka 72. Mwaka 2022 riwaya yake Paradise ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Wewe una miaka 31 unasema umezeeka? Kha!

"Watu watasema"

Hapa sasa tupunguze mzaha, maana hapa ndipo penye moto. Hofu nyingine zote unaweza kuzijibu kwa mifano. Hii haijibiki kwa mfano wa Mmarekani.

Sisi ni watu wa watu. Hadithi yako itasomwa na shangazi, na mchungaji au ustadhi, na mkuu wako wa kazi. Mwanamke ukiandika mhusika aliyemsaliti mumewe, swali la kwanza halitakuwa kuhusu mhusika. Mwanaume ukiandika mhusika anayelia usiku, jamaa wa kijiweni watataka kujua una tatizo gani nyumbani. Rosa Mistika yenyewe, kwa kusema wazi mambo ya mabinti na malezi, iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Leo inahesabiwa miongoni mwa riwaya muhimu za lugha yetu. Lakini mwaka wa marufuku mwandishi wake aliishi nao, siyo sisi.

Mimi nilipoanza kuandika hadithi yangu, nilikuwa nayaandika kwenye daftari la mistari, alfajiri, kabla ya kwenda kazini. Ni hadithi ya msichana ambaye mama yake aliondoka nyumbani asubuhi moja, akarudi baada ya miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kumuuliza alikuwa wapi. Mwanaume wa hadithi, mume wa yule msichana akishakuwa mtu mzima, ni mpole, mchapakazi, na huwa ananyamaza. Ananyamaza vibaya. Ukigombana naye anaosha gari.

Siku nilipompa mume wangu asome, ilikuwa Jumamosi mchana. Alisoma mpaka mwisho, akafunga daftari, akakaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza, "Hivi, huyu jamaa ni mimi?"

Ningeweza kusema hapana, na isingekuwa uongo kamili, maana yule wa kwenye daftari ana mambo ya watu wanne niliowahi kuwajua. Nilimwambia ukweli: kuosha gari ni kwako, mengine ni ya watu wengine, na mengine nimeyatunga. Akasema, "Sikujua kama inakuumiza." Tuliongea mpaka giza likaingia, taa hatujawasha. Katika miaka yetu yote ya ndoa hatukuwahi kuongea hivyo. Na gari, kwa taarifa yako, bado anaosha, lakini sasa ananiita nishike mpira wa maji.

Sikwambii kwamba kila mume atajibu hivyo. Wapo watakaochukia, na mwenye nyumba ndiye ajuaye mahali inapovuja. Ninachosema ni kwamba kile nilichokiogopa kuliko vyote, yaani kusomwa na mtu ninayelala naye, ndicho kilichonipa cha thamani kuliko chochote ambacho hadithi ile imenipa.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi: mama yangu. Kwa sababu kuna miezi, nikiwa mdogo, mama hakuwepo nyumbani. Siyo miaka mitatu. Miezi. Na kwetu pia hakuna aliyeuliza.

Macho ya mama siku hizi hayasomi maandishi madogo, kwa hiyo ilibidi nimsomee. Tulikaa uani kwake, yeye anachambua mchele, mimi nasoma. Nilifika pale mama wa hadithi anaporudi na kuingia jikoni kama vile alikwenda sokoni tu, sauti ikaanza kunikwama. Mama hakuinua uso kwenye ungo. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, umeandika vizuri. Lakini huyu mama mbona hasemi?"

Nikamwambia, mama, ndivyo ilivyo, hakuna aliyemuuliza.

Akasema, "Hata asipoulizwa. Wewe ndiye mwenye hadithi. Mpe neno."

Halafu, taratibu, bila mimi kuuliza, akaanza kunieleza. Aliyoniambia siyaandiki hapa, na kwenye hadithi nimeyageuza mpaka hayatambuliki. Lakini mama wa hadithi sasa anasema. Nimesoma somo la mawasiliano chuo kikuu, nimehariri kwa zaidi ya miaka kumi, na maoni bora ya uhariri niliyowahi kupewa yametoka kwa mwanamke aliyekuwa anatoa mawe kwenye mchele.

Kwa hiyo kuhusu hili la watu watasema, ushauri wangu ni huu. Kwanza, andika bila kumwonyesha mtu yeyote. Rasimu ya kwanza ni ya kwako, ina haki ya kuwa uchi. Pili, kabla ya kuitoa nje, geuza: mji, kazi, umri, jinsia, idadi ya watoto. Ukishageuza utashangaa, ukweli wa moyo unabaki palepale ila mtu wa kweli amepata stara. Tatu, kama kuna mtu mmoja ambaye itamuuma kweli, jiulize kama unamwandikia kisasi. Kama ni kisasi, andika hiyo kama barua, ichane, kisha urudi kwenye hadithi. Nne, wale wengine wote waache waseme. Hata usipoandika watasema.

Kama mwandishi ni mwenza wako

Naomba niongee na upande wa pili wa kitanda. Inawezekana wewe huandiki, ila unaishi na mtu ambaye siku hizi anaamka saa kumi na moja alfajiri na daftari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Stephen King alikuwa mwalimu mwenye mshahara mdogo, anaishi na mkewe na watoto kwenye nyumba ya trela. Alianza hadithi ya msichana wa shule, akaona haifai, kurasa akazikunja na kuzitupa kwenye ndoo ya takataka. Mkewe Tabitha akaziokota, akazikung'uta, akazisoma, kisha akamwambia anataka kujua mwisho wake, na kwamba yale ya wasichana asiyoyajua atamsaidia. Ndiyo ikawa Carrie, ya mwaka 1974, kitabu chake cha kwanza kuchapishwa, na maisha yao hayakuwa yaleyale tena.

Umeona alichofanya Tabitha? Hakumwambia "wewe ni bingwa duniani". Alisema vitu viwili: nataka kujua kinachofuata, na nitakusaidia hapa. Na wewe fanya hivyo. Uliza, "Halafu ikawaje?" Mpe nusu saa kwa kuwaogesha watoto au kuangalia ugali jikoni. Usisome daftari lake bila ruhusa, hata kama limeachwa wazi mezani. Usimwite "mwandishi wetu" mbele ya rafiki zako kwa ile sauti ya kebehi, unajua sauti ninayoisema. Na ukijiona kwenye hadithi, usikimbilie kugomba. Uliza kwanza. Huenda kuna jambo limekosa mlango wa kutokea kwa muda mrefu.

Haya, tunaanzaje?

Siyo kwa kununua kompyuta mpya. Haya yafuatayo nimeyajaribu mwenyewe na nimeyaona kwa watu ninaowahariri.

*Chagua dakika 20, siyo siku nzima.* Ukisema utaandika Jumamosi yote, Jumamosi itakuja na msiba, kitchen party na nguo za kufua. Dakika 20 kabla ya kazi, au kwenye foleni ya Morogoro Road ukiwa umekaa kiti cha dirishani na simu mkononi, hizo unazo. Ukiandika maneno 200 kila siku ya kazi, kwa wiki una 1,000. Baada ya wiki tatu una hadithi fupi nzima.

*Anza na kitu, siyo na maana.* Usianze na "mapenzi ni nini". Anza na viatu vya mgeni mlangoni. Anza na meseji iliyoingia saa nane usiku. Maana itakuja yenyewe ikiona watu wamekaa.

*Usirudi nyuma kusahihisha.* Hili ndilo gumu kwa wasomi. Unaandika sentensi moja, unaifuta, unaiandika, unaifuta. Kumbuka kuandika na kuhariri ni kazi mbili, na ukiwapa zamu moja watagombana. Mwandishi apite kwanza. Mhariri ndani yako mwambie asubiri nje, ataitwa.

*Ipe sauti ile jina.* Nina rafiki ambaye wasiwasi wake anauita Madam, kwa heshima ya mwalimu mmoja wa zamani. Akianza kusikia "hii takataka", anasema, "Shikamoo Madam," anaendelea kuandika. Usicheke. Inafanya kazi, kwa sababu sauti ikishapewa jina unaanza kuisikia kama maoni ya mtu mmoja, na mtu mmoja anaweza kukosea.

*Isome kwa sauti.* Kiswahili ni lugha ya sikio. Sentensi ikikukata pumzi, ikate. Mazungumzo yakikuaibisha kuyatamka, hakuna binadamu anayeongea hivyo.

*Tafuta msomaji mmoja, siyo kumi.* Mmoja mkweli na mwenye upendo. Usimuulize "nzuri?" maana atasema nzuri. Muulize, "Ni wapi ulitaka kuacha kusoma?" Jibu hilo lina faida kuliko sifa za ukoo mzima.

*Maliza.* Hata kama ni mbaya. Hadithi mbaya iliyokwisha unaweza kuifanyia kazi. Hadithi nzuri iliyoko kichwani haina mtu wa kuifaa, hata wewe.

Ikishaisha uipeleke wapi?

Milango ipo zaidi ya ile waliyokuwa nayo wazazi wetu. Ile tuzo ya uandishi wa Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na baadaye ikabeba jina la Safal, imekuwa ikipokea miswada ambayo haijachapishwa. Zawadi zake za kwanza, mwaka 2015, zilitolewa kwa Anna Samwel Manyanza upande wa riwaya na Mohammed Ghassani upande wa mashairi. Hapa Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Kabla ya kutuma popote, soma masharti ya mwaka huo neno kwa neno: idadi ya maneno, tarehe ya mwisho, aina ya faili. Niamini mimi, kuna hadithi nzuri zinazokosa hata kusomwa kwa sababu mwenyewe hakusoma masharti.

Na ukikataliwa? Utakataliwa. Hadithi yangu ile niliipeleka kwenye shindano moja, haikufika popote. Nilisikitika siku mbili, siku ya tatu nikaifungua tena, nikaona mwanzo wake una mguu mzito, nikakata kurasa mbili. Sasa iko kwa msomaji mwingine, na mimi nimeanza nyingine. Mhariri anapokataa muswada, mara nyingi sababu ni za kawaida mno: nafasi hakuna, mwezi uliopita tulitoa kisa kinachofanana, hadithi ni ndefu. Katika sababu zote ambazo nimewahi kuandika pembeni ya muswada, haimo hata moja inayosema "mtu huyu asiandike tena".

Shaaban Robert aliandika Kufikirika mwaka 1946. Alifariki mwaka 1962, kitabu hakijachapishwa, kikaja kutoka baada ya yeye kuondoka. Kila nikikumbuka hilo hujiuliza, je, kama kwa kukata tamaa angekitia moto? Tungekosa, na tusingejua hata kwamba tumekosa. Hivyo ndivyo hadithi isiyoandikwa inavyopotea. Haina msiba wala matanga.

Basi msomaji wangu, usiku huu kabla hujazima taa, chukua karatasi au simu yako. Andika sentensi moja kuhusu mtu mmoja anayefungua mlango. Usijue bado nani yuko nje. Kesho andika nani yuko nje. Na yule anayekunong'oneza kwamba huwezi, mkaribishe kiti, mpe chai, mwambie akusubiri ukimaliza.

Kila la heri. Na tukikutana saluni, safari hii njoo na karatasi.